Jeni, Protini na Umetaboli katika Istilahi za Kiswahili: Mfano wa Selimundu



1.0 Utangulizi

Yumkini wapo kati yenu waliojiuliza, walipoona tangazo la mhadhara huu, mwanaisimu amefuata nini katika maabara ya biolojia. Jibu ni kwamba wanabiolojia ndio waliotutangulia kuvuka mpaka. Mwaka 1943, katika mihadhara aliyoitoa Dublin, mwanafizikia Erwin Schrödinger alipendekeza kwamba urithi wa viumbe hubebwa na kitu kinachofanana na maandishi ya msimbo. Muundo wa DNA ulipofafanuliwa mwaka 1953, msamiati wa lugha ulimiminika katika taaluma hiyo: herufi, msimbo, unukuzi, ujumbe, tafsiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Roman Jakobson, mmoja wa vigogo wa isimu ya karne ya 20, alijadiliana hadharani na mwanabiolojia François Jacob kuhusu mfanano wa mifumo hii miwili. Kwa hiyo sisi si wageni waalikwa katika jambo hili; ni wenye mali tunaokwenda kuangalia vitu vyetu vinatumikaje.

Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya ziada. Katika magazeti, mahakamani na hospitalini limezoeleka neno vinasaba. Tanzania ilipotunga sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu mwaka 2009, neno hilo lilikuwa tayari limekwishaota mizizi. Muundo wake ni wa kupendeza: kiambishi ki-/vi- kimepachikwa kwenye nasaba, yaani ukoo au chimbuko la mtu, neno lililotujia kutoka Kiarabu. Aliyeliunda alikuwa na sikio zuri. Hata hivyo, neno hili linasema nusu tu ya ukweli. Linatuambia kitu hiki kimetoka wapi; halituambii kinafanya nini. Msikilizaji wa kawaida huelewa kwamba kinasaba ni muhuri wa ukoo, kitu cha kuamua mtoto ni wa nani, kisha kikarudi kulala. Kumbe sasa hivi, katika muda wa kuisikiliza sentensi hii, uboho wa mifupa ya kila mmoja wenu umetengeneza mamilioni ya chembe nyekundu za damu, na kila moja imetengenezwa kwa kusoma jeni. Nitajaribu kuonyesha kwamba pengo hilo la maana lina madhara, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina uwezo wa kuliziba. Mfano wangu utakuwa ni mmoja tu, selimundu.

2.0 Selimundu: jina na jambo

Neno selimundu ni ambatani ya nomino mbili zilizounganishwa bila kihusishi. Seli ni ya kukopa. Mundu ni chombo kinachojulikana na kila mkulima. Chembe nyekundu ya damu kwa kawaida ni kidutu cha duara kilichobonyea katikati, laini kiasi cha kuweza kujikunja na kupenya katika mishipa myembamba kuliko upana wake. Kwa mgonjwa, baadhi ya chembe hizo hukakamaa na kupinda kama mundu. Badala ya kuishi siku 120 hivi, huishi takriban siku 10 hadi 20. Zikivunjika mapema huleta upungufu wa damu. Zikikwama katika mishipa midogo huleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo, na huharibu bandama, figo na ubongo. Katika Tanzania makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto 11,000 hivi wanaozaliwa na hali hii kila mwaka.

Daktari James Herrick wa Chicago alizieleza chembe hizi katika makala yake ya mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe hizo, hutofautiana na ya watu wengine kwa chaji yake ya umeme. Ugonjwa ukawa umefuatiliwa kutoka mwilini hadi kwenye seli, na kutoka kwenye seli hadi kwenye molekuli moja. Kisha Vernon Ingram, akiwa Cambridge, akaonyesha katika miaka ya 1956 na 1957 kwamba tofauti yote iko katika kipande kimoja tu cha molekuli hiyo.

Sehemu ya habari hii ni ya kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo mwaka 1949. Aliona kwamba watu waliobeba jeni moja ya selimundu bila kuugua walikuwa wengi katika Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, mahali pengine zaidi ya asilimia 20, lakini walikuwa wachache sana nyanda za juu. Ramani ya jeni ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Tukumbuke jambo hili tunaposikia selimundu ikiitwa laana ya ukoo fulani. Jeni hiyo ilienea kwa sababu iliwaokoa watoto wengi waliorithi nakala moja, na gharama yake ikalipwa na wale waliorithi nakala mbili.

3.0 Kutoka herufi hadi protini

Sasa tuingie ndani ya seli. DNA ni uzi mrefu wenye vijenzi vya aina nne, ambavyo kwa mazoea huandikwa A, T, G na C. Seti moja ya urithi wa binadamu ina herufi kama bilioni tatu, na ndani yake zimo jeni za protini zipatazo 20,000. Protini nazo ni minyororo, lakini pete zake ni za aina nyingine: ni asidi amino, za aina 20. Suala lililowasumbua wanasayansi wa miaka ya 1950 ni la kiisimu kabisa: mfumo wenye alama nne unawezaje kuwakilisha mfumo wenye alama ishirini? Herufi mojamoja zingetoa maneno 4; mbilimbili, maneno 16; tatutatu, maneno 64. Tatu ndiyo idadi ndogo kabisa inayotosha, na ndivyo ilivyo. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walilisoma neno la kwanza, na kufikia mwaka 1966 msimbo wote ulikuwa umefumbuliwa. Maneno 61 huwakilisha asidi amino. Matatu yaliyobaki ni vituo, yaani huamuru usomaji ukome.

Maandishi haya hayana nafasi kati ya maneno. Kwa wanafunzi wangu hutumia sentensi hii, ambayo kila neno lake lina herufi tatu:

MTUALEHAOKAA

Anayeanza kusoma mahali panapostahili ataona: mtu ale hao kaa. Tukibadilisha herufi moja tu, ile L ya neno la pili iwe U, tunapata: mtu aue hao kaa. Sarufi ni sahihi, urefu haukubadilika, maneno mengine yote yamesalia kama yalivyokuwa, lakini kula kumekuwa kuua (ingawa kwa kaa mwenyewe tofauti ni ndogo). Sasa tuirudie sentensi ya awali, na safari hii tuiondoe A ya ale bila kuweka kitu mahali pake. Msomaji anayehesabu tatutatu atapata MTU LEH AOK AA, na kuanzia hapo hakuna chenye maana. Makosa ya namna zote mbili hutokea katika jeni. Selimundu ni la namna ya kwanza. Katika jeni ya globini ya beta, iliyoko kwenye kromosomu ya 11, neno GAG limekuwa GTG. Herufi ya katikati imebadilika, kama ilivyokuwa kwa ale na aue. Matokeo yake, katika mnyororo wenye asidi amino 146, ya sita si asidi glutamiki tena bali ni valini. Nyingine zote 145 ziko mahali pake.

Jeni yenyewe haitoki ndani ya kiini cha seli. Hunukuliwa kwanza: nakala ya sehemu inayohitajika huandikwa kwa RNA, na nakala hiyo, RNA ya ujumbe, hutoka nje ya kiini. Hapa istilahi zetu zinahitaji uangalifu. Nimeona maandishi yanayotumia kunakili kwa matendo mawili tofauti kabisa. Seli inapojigawa, DNA yote huongezwa maradufu ili kila seli changa ipate seti yake. Tendo hili napendekeza tuliite kurudufu. Jeni inaposomwa ili ifanye kazi, sehemu ndogo tu huandikwa upya kwa RNA. Tendo hili ni kunukuu, na kwa bahati njema unukuzi ni neno ambalo wanafonetiki walikwishalizoea. Tukiyaita yote mawili kunakili, mwanafunzi hawezi kutofautisha kuzaliana kwa seli na kufanya kazi kwa seli. Hapo ndipo nasaba inaporudi kwa mlango wa nyuma.

Baada ya unukuzi huja tafsiri, na mfananisho huu ni wa haki kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa kweli kuna mifumo miwili ya alama isiyohusiana. Hakuna chochote katika umbo la herufi GAG kinachofanana na asidi glutamiki, kama vile hakuna chochote katika sauti za neno kaa kinachofanana na kaa. Ndiyo sababu anahitajika mkalimani. Kazi hiyo hufanywa na RNA ndogo, ambazo nitaziita RNA chukuzi. Upande mmoja kila chukuzi hutambua neno la herufi tatu. Upande wa pili imebeba asidi amino yake. Ribosomu, ambayo ndiyo karakana ya protini, huupitisha ujumbe neno kwa neno, na chukuzi hupanga asidi amino moja baada ya nyingine.

Je, ribosomu hukagua kama mkalimani amesema kweli? Mwaka 1962 François Chapeville na wenzake walifanya hila moja ya kupendeza. Walichukua RNA chukuzi iliyokwisha kubebeshwa sisteini, kisha kwa njia ya kikemia wakaigeuza sisteini ile ikawa alanini huku ikiwa imeshikwa vilevile. Ribosomu iliipokea na kuiweka alanini mahali ilipotakiwa sisteini, bila kusita. Maana yake ni kwamba ribosomu haielewi inachokiandika. Kamusi halisi ya seli imo katika vimeng'enya vinavyoibebesha kila chukuzi asidi amino inayoistahili. Navyo vimeng'enya hivyo ni protini, zilizotengenezwa kwa kusoma jeni, kwa msaada wa kamusi hiyohiyo. Mwanaisimu hapa analazimika kusema wazi mahali mfananisho unapokoma: katika seli hakuna msemaji, hakuna msikilizaji, na hakuna anayemaanisha kitu. Kuna molekuli zinazoshikana kwa sababu maumbo na chaji zake zinaoana. Neno kusoma, ninapolitumia, lina maana hiyo na si zaidi.

4.0 Protini kazini: kimeng'enya na umetaboli

Mnyororo wa asidi amino haukai kama uzi. Hujikunja ukawa umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi. Himoglobini ni minyororo minne iliyokunjwa pamoja, miwili ya alfa na miwili ya beta, na chembe nyekundu moja hubeba molekuli zake kama milioni 270. Asidi glutamiki ina chaji na huelewana na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni yake, hubadilika umbo kidogo na kuacha wazi kijishimo kisichopenda maji. Valini ya molekuli jirani huingia humo na kunasa. Ya tatu hunasa kwa ya pili, ya nne kwa ya tatu, na hatimaye fimbo ndefu ngumu huisukuma chembe hadi ipinde. Mundu tunaouona kwa hadubini ni pete ya mwisho ya mlolongo ulioanza na herufi moja. Kunasana huku hutegemea sana wingi wa himoglobini katika ujazo wa maji ya seli, ndiyo maana mgonjwa husisitizwa kunywa maji ya kutosha. Ushauri huo huonekana mdogo mno kwa asiyejua sababu yake.

Seli haiishi kwa himoglobini pekee. Chembe nyekundu iliyokomaa imekwisha kukitupa kiini chake, haina jeni ya kusoma, na haina hata mitokondria. Kwa siku zake zote hujiendesha kwa protini zilizoandikwa kabla kiini hakijaondoka. Nishati huipata kwa kuvunja glukosi katika hatua kumi, kila hatua ikiwa na kimeng'enya chake, na faida yake halisi ni molekuli mbili za ATP kwa kila glukosi. Kwa ATP hiyo huendesha pampu za utandoni, zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu ili chembe isivimbe ikapasuka. Jumla ya matendo ya namna hii, ya kuvunja na ya kujenga, ndiyo umetaboli.

Niseme kidogo kuhusu kimeng'enya. Limetokana na kitenzi meng'enya, kufanya chakula kiwe laini na kusagika tumboni, na kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari hudhani kwamba vimeng'enya vyote vinakaa tumboni na kazi yao ni kuvunja. Wapo waliopendekeza kichocheo. Sikubaliani nao, kwa kuwa magazeti yamekwisha kulitumia vichocheo kwa homoni, na kuziba shimo moja kwa kuchimba jingine si uundaji wa istilahi. Kiswahili kimewahi kupanua maana za maneno bila kuomba radhi: ndege alikuwa na manyoya kabla hajawa na injini. Kimeng'enya na kibaki, ila mwalimu aseme tangu siku ya kwanza kwamba vipo vinavyomeng'enya na vipo vinavyounga, na kwamba vile vinavyobebesha chukuzi asidi amino ni vya kuunga.

5.0 Kusoma, kusomwa, kusomeka

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akiwa na afya. Dalili huanza kujitokeza akifikia miezi sita hivi. Kama kinasaba ni muhuri, jambo hili halielezeki, kwani muhuri ulikuwapo tangu mimba ilipotungwa. Ndipo hutafutwa wa kulaumiwa: maziwa ya mama, jicho la jirani, au, mara nyingi zaidi, nasaba ya mama peke yake, ingawa ugonjwa wenyewe hauwezi kutokea bila jeni kutoka pande zote mbili. (Hata ile robo inayotajwa kliniki hueleweka vibaya. Wazazi wawili waliobeba jeni moja moja wana uwezekano wa robo katika kila mimba; si kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamekwisha kulipiwa.)

Ukweli ni kwamba mtoto akiwa tumboni hatumii globini ya beta kwa wingi. Anatumia globini ya gama, inayotoka kwenye jeni nyingine na isiyo na kasoro hiyo, na kwa pamoja na ile ya alfa huunda himoglobini ya utotoni. Baada ya kuzaliwa, jeni za gama hufungwa pole pole na jeni ya beta huchukua zamu. Jeni za gama hazikupotea. Zimo katika kila seli ya mtu mzima, herufi zote zimetimia, lakini hazisomwi. Mojawapo ya vinavyozizuia ni protini iitwayo BCL11A, ambayo nayo ni zao la jeni inayosomwa.

Istilahi za kigeni husema hapa kwamba jeni hujieleza, na wapo waliokwisha kutafsiri hivyo neno kwa neno. Jeni haijielezi, haina kinywa. Kiswahili kina kitu bora, nacho ni minyambuliko ya kitenzi. Seli husoma. Jeni husomwa, ni kauli ya kutendwa, na jeni ndiyo inayotendwa. Tena kuna kauli ya kutendeka: jeni husomeka au haisomeki. Kusomwa hutaja tukio. Kusomeka hutaja hali ya kuwa wazi kwa usomaji, hata kabla msomaji hajafika. Jeni za gama kwa mtoto mchanga zinasomeka. Kwa mtu mzima zipo lakini hazisomeki. Tofauti hii inayohitaji aya nzima katika lugha nyingine, sisi tumeibeba katika viambishi viwili ambavyo mtoto wa miaka minne anavitumia bila kufundishwa.

Tiba nazo zinaeleweka kwa kitenzi hichohicho. Hidroksiyurea, dawa ya kumeza ambayo mgonjwa huitumia kila siku, huongeza himoglobini ya utotoni, na himoglobini hiyo huzuia zile fimbo kuungana. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayotumia uhariri wa jeni, na Marekani ikafuata Desemba mwaka huohuo. Katika tiba hiyo seli shina za mgonjwa hutolewa, hukatwa mahali maalumu panapoamuru BCL11A isomwe katika seli zinazozaa chembe nyekundu, kisha hurudishwa mwilini. Herufi yenye kosa, ile T ya GTG, haiguswi kabisa. Kinachofanyika ni kumzuia mzuiaji, na jeni za gama zikasomeka tena. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kwa bei hiyo kwa wagonjwa wetu walio wengi tiba hii ni habari ya kusoma tu.

Hidroksiyurea si habari ya kusoma. Ni kidonge kinachopaswa kumezwa leo na kesho, na mwaka ujao, pia na mtoto ambaye leo hana maumivu yoyote. Mama aliyeambiwa kwamba ugonjwa wa mwanawe ni wa nasaba ana kila haki ya kuuliza kidonge kitabadilishaje ukoo, na asipojibiwa atakiacha. Mama huyohuyo akiambiwa kwamba mwanawe ana jeni mbili za kazi moja, moja ina kosa na nyingine ni nzima lakini imefungwa isisomeke, na kwamba kidonge hiki huisaidia ile nzima isomeke, basi amepewa sababu. Nimeyapeleka maneno manne, kurudufu, kunukuu, kutafsiri na kusomeka, kwa wenzangu wanaoandaa orodha ya istilahi za afya, na nimeomba kinasaba kiingizwe pamoja nayo, kikiwa na fasili inayotaja kazi kabla ya ukoo.